Mkono wa Salamu

Kila Ijumaa mchana, baada ya ugali, wanaume wa chumba kile cha Ghulail, Jeddah, walijadili madaktari wa kamati ya fidia kama watu wengine wanavyojadili makipa. Huyu anapitisha, yule hapitishi. Yule hata ukimpelekea mguu wako kwenye mfuko atakuuliza mbona hukuja umeuvaa. Walicheka mpaka wakakohoa. Kaka yangu alicheka nao, amekaa pembeni ya kitanda, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama kitu alichoshikishwa na mtu ambaye hajarudi kukichukua.

Mimi sikucheka. Mimi si mtu wa subira, na habari ya kamati ile ilikuwa imenikaa kooni.

Kaka alifanya kazi Riyadh, kwenye ghala la vigae. Siku moja mzigo wa vigae uliteleza kutoka kwenye foklifti ukamwangukia begani. Hospitali walimpasua, wakamwekea vyuma, mfupa ukaunga. Mishipa ya fahamu haikuunga. Mkono ulibaki pale pale ulipokuwa, wenye vidole vyote na kucha zote, lakini haukuweza kuinua birika la chai. Ukimtazama mtu aliyesimama tu barabarani huwezi kujua. Hilo ndilo lililotuponza, kwamba mkono ulikuwa mzima kwa macho.

Kampuni ilikuwa imemwekea bima ya ajali kazini, na ili bima imlipe fidia ya ulemavu ilibidi kamati ya madaktari ikubali kwamba mkono umekwisha. Mara ya kwanza alikwenda peke yake. Wakamuuliza u hali gani. Akajibu kama anavyomjibu bosi, kama tunavyojibu sote katika nchi ile kuanzia siku ya kushuka ndege: tamam, alhamdulillah, mafi mushkila, yaani niko salama, hakuna shida. Wakaandika kwamba anaweza kurudi kazini. Aliponipigia simu kunieleza, nilimfokea kwa sauti kiasi kwamba mwenzangu wa maabara aliweka chini chupa ya damu akaja kuniuliza nani amekufa.

Ilibaki kamati ya rufaa, huko huko Riyadh, na baada ya hiyo hakuna nyingine. Ikikubali, kaka angerudi nyumbani na fidia ya kununua mashine ya kusaga mahindi, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa amekaa, na kijana wa kumbebea magunia. Ikikataa, kafili, yaani mwajiri wake, angemaliza mkataba, wangempa viza ya kutoka, naye angerudi kwa mama na mkono ambao hakuna mtu wa kuuajiri.

Wakati huo mimi nilikuwa Jeddah, fundi wa maabara katika kliniki moja ya Al-Rawdah. Nilikaa kwenye nyumba ya wanawake wafanyakazi, mahali ambapo hata kaka wa tumbo moja haruhusiwi kuvuka geti. Kwa hiyo wakati tunasubiri rufaa nilimwombea nafasi Ghulail, kwa Wakenya wenzetu, madereva na walinzi waliopanga chumba pamoja karibu na duka linalouza unga wa ugali. Mandubu wa kampuni, yaani yule mtu wao wa kukimbiza karatasi maofisini, alimruhusu bila maneno. Nadhani alifurahi kuondokewa na mtu wa kumtazama kila asubuhi.

Katika chumba kile palikuwa na dereva mmoja aliyekatwa vidole viwili na mlango wa lori, akaenda kamati hiyo ya rufaa, akalipwa. Tangu hapo wenzake walimwita wakili. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mpenda sukari nyingi kwenye chai, na alizungumza habari za kamati kana kwamba aliizaa yeye.

"Wako wawili wanaopokezana kiti cha mwenyekiti," alimwambia kaka. "Kuna mpole na kuna mkali. Mpole ni mzee wa ndevu nyeupe. Huyo akikuona tu, ameshaandika. Mkali ni yule mwembamba wa miwani. Hakutazami usoni. Anasoma makaratasi tu, kichwa chini, halafu anakuambia yalla, toka. Ukimpata huyo, brother, anza tu kufunga mizigo."

"Na mtu anachagua vipi?" kaka akauliza.

"Huchagui. Unaomba Mungu."

Mimi kazi yangu ni kupima. Siwezi kusikia mtu anasema huyu anapitisha wengi nikaiacha ipite hivyo hivyo. Nikaanza kuwauliza mmoja mmoja. Nani alikwenda kwa mpole, na aliumia wapi? Wakanitajia: huyu vidole, huyu jicho, yule mguu uliokatwa chini ya goti. Nani alikwenda kwa mkali? Mgongo, mgongo, mtu wa kizunguzungu, mgongo tena. Basi nikaona. Kwa mpole walikwenda watu wenye kitu cha kuonyesha, na kwa mkali, kwa bahati tu ya zamu, walikwenda wenye maumivu yasiyo na sura. Hata mimi ningeketi pale, ningepitisha vidole nikasita kwenye mgongo. Isitoshe, wale waliokataliwa hawakuwa mle chumbani kutusimulia. Walikuwa wameshapanda ndege. Chumba kizima kilikuwa cha walioshinda na wanaongoja, na sisi tulikuwa tunajifunza kesi kwa hao.

Nikawaeleza hayo nikiwa nimesimama, kidole juu, kama mwalimu wa darasa la nne. Nikawaambia wasimtie kaka yangu ushirikina. Lililo muhimu si nani amekaa kwenye kiti, ni nini kaka anakwenda kuonyesha, kwa sababu bega lake ni la jamaa ya migongo, si la jamaa ya vidole.

Wakili alikoroga chai yake taratibu. "Dada," akasema, "hesabu zako ni za damu. Hizi ni za watu."

Wakacheka wote, na kaka pia. Nilikasirika, lakini nitasema ukweli: usiku, katika sala zangu, na mimi niliomba tupewe mpole.

Tukaanza mazoezi. Kila Ijumaa nilipanda teksi mpaka Ghulail na bahasha ya picha za eksirei na ripoti ya daktari wa mishipa, nikageuza kreti la soda nikalifanya meza, nikawa kamati. Wanaume waliketi vitandani wakitazama. Kaka aliingia kutoka korido, akaketi mbele yangu, nami nikamuuliza u hali gani kwa Kiarabu changu cha kliniki, "Kef halak?"

"Tamam."

"Toka nje! Ingia tena!"

Alitoka akaingia, akatoka akaingia, mpaka ile tamam ikaacha kumtoka mdomoni. Nilimfundisha asiseme mkono unauma, maana kila mtu ana kitu kinachouma. Aseme asichoweza kufanya. Asieleze siku yake nzuri, aeleze siku ya kawaida. Kaka alichukia. Yeye ni mtu aliyekuwa akibeba gunia kwenye kila bega akipita mbele ya wasichana.

"Unataka niombe kama ombaomba," aliniambia.

"Nataka useme ukweli mbele ya watu."

"Haya. Siwezi kubeba birika. Siwezi kufungua mlango mzito. Nikilala upande huu naamka nikilia." Akatazama chini. "Vifungo vya shati nafungwa na huyu." Akamwonyesha kwa kidevu mlinzi mmoja, mtu mzima, aliyelala kitanda cha pili. Mlinzi yule aligeuza uso ukutani kana kwamba yeye ndiye aliyeumbuliwa. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Nilikunja makaratasi yangu mapema nikarudi Al-Rawdah, na njia nzima nilikuwa nikijiuma midomo.

Jambo moja lilitufurahisha katika mazoezi. Nilimpa kalamu aweke sahihi, na badala ya kuhangaika na mkono wa kulia aliichukua kwa kushoto, akaandika jina lake zuri, la mviringo, kuliko alivyowahi kuliandika maishani.

"Umerudi," akasema, akiutazama ule mkono wa kushoto kama anayemwona rafiki aliyehama zamani.

Kaka yangu alizaliwa mtu wa mashoto. Kila kitu alikishika kwa kushoto, kijiko, jiwe la manati, kalamu. Mama yetu hakutaka kabisa. Si kwamba alikuwa mkatili. Mama ni mtu mlaini, anayelia akichinjiwa kuku wake. Lakini kwa mama, mkono wa kushoto una kazi yake chooni, na mtoto anayempa mtu mzima kitu kwa mkono huo amemtukana. Wakati wa kula aliufunga mkono wa kushoto wa kaka kwa upindo wa leso yake, akaukalia. Akija mgeni, kaka akinyoosha kushoto, alipigwa kofi dogo kwenye vidole: "Mkono wa adabu!" Na adabu kamili, kwetu, ni kunyoosha wa kulia huku wa kushoto umeshika chini ya kiwiko, kumwonyesha mkubwa kwamba salamu yako ni nzito. Kaka alijifunza. Akawa ndiye mtoto anayesifiwa na kila mgeni kwa salamu zake, na mimi mtundu nikawa nasukumwa nikamwige.

Tulikwenda Riyadh kwa basi, mchana, jangwa likipita dirishani bila kubadilika. Kaka alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na wenzake wa Ghulail, kila mmoja akidai yeye ndiye ajuaye kupiga pasi. Nilimkaririsha njiani mpaka abiria wa mbele akageuka kututazama. Kaka akaniambia, "Dada, halas, basi. Yameingia. Ukiendelea yataanza kumwagika."

Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya bluu na watu wa mataifa yote wakiwa wamekumbatia bahasha zinazofanana. Mlango ukafunguka, akatoka Msudani mmoja mrefu, mkalimani wa ofisi ile, kumwita mtu mwingine, na kabla mlango haujafungwa nikaona ndani. Katikati ya meza, kwenye kile kiti, palikuwa na ndevu nyeupe.

Nilimfinya kaka mkono wake mzima. Mimi, niliyewahubiria wanaume wa Ghulail juu ya ushirikina, nilihisi machozi ya shukrani.

Tulipoitwa niliruhusiwa kuingia naye kwa kuwa ni ndugu. Walikuwa madaktari watatu. Wawili walikuwa wakiandika. Yule mzee aliinua kichwa, akatabasamu, akasimama. Alisimama kweli, mzee yule, akazunguka meza. Mimi alinisalimu kwa heshima ya kwao, mkono wake kifuani na kichwa kimeinama kidogo. Kisha akamgeukia kaka, akamnyooshea mkono wa kulia.

Katika Ijumaa zote zile hatukuwa tumefanya zoezi la salamu. Mimi ni dada yake. Ndugu hawapeani mikono kila mara mmoja anapotoka korido.

Nikaona mkono wa kushoto wa kaka ukienda chini ya kiwiko cha kulia. Ukakishika. Ukainua. Ule mkono mfu ukapanda, taratibu, kwa adabu yote aliyofundishwa, mpaka ukafika kwenye kiganja cha mzee, na mzee akaushika kwa mikono yake miwili akautikisa. Mshipa ulimsimama kaka shingoni. Alikuwa akitabasamu. Mtu asiyejua angesema ni kijana aliyelelewa vizuri anayemwamkia mkubwa kwa moyo wake wote, na ndivyo ilivyokuwa.

"Mashallah," mzee akasema. "Kenya. Watu wa adabu."

Tukaketi. Kaka alijibu vizuri, vizuri kuliko katika mazoezi. Alisema habari ya birika, ya mlango, ya vifungo. Hakusema tamam hata mara moja. Mkalimani alitafsiri kwa uangalifu na mimi nilikuwa nikifuatilia kila neno. Kisha wakamwambia ainue mkono wa kulia mbele yake kadiri awezavyo, bila kusaidiwa. Akauinua kidogo tu juu ya goti, ukatetemeka, ukaanguka.

Yule mzee akamtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, kama mtu aliyempenda mgeni halafu akamkuta na kijiko cha nyumba mfukoni. Akasema polepole, na Msudani akatafsiri: "Lakini uliponisalimia uliuinua mpaka hapa." Akaonyesha kifua chake.

Nilidakia. Nilisema aliuinua kwa ule mwingine, kwamba kwetu ndivyo tunavyosalimia wakubwa, mkono unashikwa chini. Mzee akanyoosha kiganja kuniomba ninyamaze, kwa upole. "Aseme mwenyewe," akasema.

Nilimtazama kaka. Nilimwomba kwa macho. Sema uliubeba. Sema salamu yenyewe ilikuwa ni kubeba mzigo. Lakini angesema vipi? Angemwambia mzee aliyesimama akazunguka meza kwa ajili yake kwamba ile heshima ilikuwa gongo la kuegemea tu?

"Nilikuwa nakusalimia, daktari," kaka akasema.

Msudani akatafsiri. Mzee akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Daktari wa pembeni akaandika kitu. Niliendelea kuongea mpaka mkalimani akaniambia inatosha, yameandikwa, na sijui yaliandikwa yapi.

Mpaka leo nalizunguka lile jambo. Kuna siku nasema mzee yule alimtega, kwamba ndivyo anavyowapima wote, kwa tabasamu. Kuna siku nasema hapana, ni mtu mwema tu aliyezoea kusalimia watu, akaona kwa macho yake alichoona, na angefanyaje? Sijui lipi linaniumiza zaidi.

Jibu lilikuja kwenye simu ya kaka tukiwa tumesharudi Jeddah. Walikubali kwamba amepata madhara, lakini madogo. Mkono unainuka, anaweza kazi nyepesi. Walichompa kilitosha kulipia matibabu ya nyumbani kwa kitambo, basi. Mashine ya kusaga ilikufa hapo. Mandubu, ambaye siku zote alikuwa hapatikani, safari hii alipatikana haraka sana, na tiketi mkononi.

Ijumaa ya mwisho Ghulail walipika pilau. Wakili hakuwa na mzaha. Ilimchukua muda kuniambia, nikiwa nimeshavaa abaya niondoke, kwamba mkali alikuwa amempitisha mtu wa bega wiki ile ile. Mtu wa bega! Alisoma makaratasi tu, kichwa chini, hakumtazama, hakumpa mkono, akaandika.

"Sijamwambia kaka yako," akasema.

"Usimwambie."

Nilirudi kazini nikajifungia kwenye choo cha maabara nikalia kwa hasira, nikimlilia mtu mkali niliyeomba tusimpate.

Kwa likizo nilikwenda nyumbani. Kaka alikuwa amekonda, na watoto wa jirani walikuwa wameshazoea kumfunga vifungo. Mama alikuwa amezeeka mara moja, kama wazee wanavyozeeka usipowatazama. Hakuwa amemuuliza habari za kule. Kaka mwenyewe hakuwa anasema. Siku ile nilipofika, tukiwa tumeketi mezani, ndipo mama aliuliza, labda kwa kuwa mimi nilikuwepo.

"Hao madaktari wakubwa, walikupokea vizuri lakini?"

"Walinipokea, mama. Mkubwa wao alisimama akaja kunisalimia."

"Alisimama!" Uso wa mama ukang'aa. "Nawe ulimwamkia?"

Nilitazama kitambaa cha meza.

"Nilimwamkia, mama," kaka akasema. "Kwa mkono wa adabu. Nikaushika chini kwa huu mwingine, kama ulivyotufundisha."

"Vizuri, mwanangu," mama akasema. "Hata kama hawakukupa kitu, hawatasema hukulelewa."

Kaka akasema ndiyo. Hakunitazama, nami sikumtazama. Mama akapakua ugali, akapakua mboga, akampa kaka sahani yake. Kisha akainama, akaisogeza mpaka upande wa kushoto, karibu na ule mkono aliokuwa akiukalia, akangoja aanze kula.